Mficha Maradhi wa Darasa la Kwanza

Ukitoka Tegeta ukapita Wazo kuelekea Madale, maandishi ya kwanza utakayokutana nayo yamepigiliwa kwenye nguzo za umeme. Vibati vyeupe, herufi nyekundu, namba ya simu chini. Kiwanja kinauzwa, madalali msipige simu. Chumba na sebule kinapangishwa. Tunachimba visima. Halafu vinafuata vile vya tiba, ambavyo orodha yake haibadiliki, utadhani ni vina vya shairi: ngiri, kisukari, uzazi, nguvu za kiume, kumrudisha mpenzi, bawasiri bila upasuaji. Aliyetunga orodha hiyo anaijua kazi yake. Amekusanya mambo ambayo mtu anashindwa kuyataja mbele ya foleni ya wagonjwa dirishani, akayataja kwa niaba yake, tena kwa herufi kubwa, tena barabarani.

Nimeanza na vibati kwa sababu mwanangu amejifunzia kusoma humo. Alipoingia darasa la kwanza kila safari ikawa somo. “Vi-si-ma.” “Ki-wa-nja.” Siku moja ndani ya daladala alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, “ba-wa-si-ri,” akauliza ndiyo nini. Gari zima likacheka. Konda ndiye aliyewahi kumjibu: “Huo ugonjwa wa makalio, dogo. Wa wazee wanaokaa sana.” Watu wakacheka tena, mtu akaomba ashushwe, habari ikaishia hapo.

Miezi kadhaa baadaye lile neno likaja nyumbani kwetu kwa miguu yake. Jioni, wakiwa wawili tu barazani, mtoto alimwinamia bibi yake akamnong’oneza, “Bibi, mimi nina bawasiri.”

Hakuniambia mimi, wala hakumwambia mama yake. Hilo halikunishangaza, na kwa yeyote aliyekulia pwani halishangazi. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Pangani kukaa nasi, na kwake yule mtoto si mjukuu tu. Ni “mume wangu”. Humwambia mke wangu asimpikie mumewe wali mbichi, humuuliza mtoto lini atamlipia mahari iliyobaki. Huo ndio utani wa bibi na mjukuu, na kazi yake haiishii kwenye kuchekesha. Ni mlango uliowekwa makusudi nyumbani kwa ajili ya maneno ambayo mtoto na mzazi wanaoneana haya kuyasema. Mambo ya mwili yalipitia hapo tangu zamani. Nyumba nyingi za huku Madale, zilizojengwa na watu tuliohama kutoka Magomeni, Sinza na mikoani kufuata viwanja, zina geti, zina tenki la maji, zina king’amuzi. Bibi hazina. Bibi yuko Pangani, Newala au Moshi, anakuja mara moja kwa mwaka.

“Mume wangu,” mama akamwuliza, “bawasiri umeitoa wapi wewe?”

Akaeleza. Akienda chooni panamuuma kama pamekatwa na wembe. Ameona damu kwenye karatasi, mara mbili. Na kuna kinyama kidogo pale, amekigusa wakati wa kuoga. Amekaa na hayo, kwa hesabu yake mwenyewe, “tangu kabla hatujafunga shule.” Alikuwa ameshajipima na kujipa jina la ugonjwa, kwa sababu katika maneno yote aliyowahi kuyasikia au kuyasoma, hilo ndilo pekee lililogusa sehemu hiyo ya mwili bila kuwa tusi.

*

Kituo cha afya tulikwenda mimi na yeye. Muuguzi aliyepima uzito alitazama nyuma yangu akauliza, “Mama yake yuko wapi?” Daktari hakuuliza hilo. Alikuwa mwanamama wa makamo, na alifanya jambo ambalo sijaliona mara nyingi: alimgeuzia kiti mtoto, mimi akaniacha pembeni, akamwuliza yeye.

“Ukienda haja kubwa, kinatoka kama nini? Kama uji? Kama ndizi mbivu? Au kama mavi ya mbuzi?”

Mwanangu akaziba mdomo kwa kicheko. Mtu mzima, tena daktari, amesema mavi! “Ya mbuzi,” akajibu. Kuanzia hapo mazungumzo yakafunguka.

Baadaye nilijua kwamba maswali yale yana asili yake. Mwaka 1997, watafiti wawili wa mji wa Bristol, Uingereza, Stephen Lewis na Kenneth Heaton, walichapisha kipimo cha umbo la kinyesi chenye ngazi 7, na mpaka leo hospitali za dunia nzima zinakitumia. Ukikisoma kwa jicho la msomaji wa fasihi utatabasamu, maana kipimo chote ni tashbihi. Ngazi ya kwanza ni vidonge vigumu kama karanga. Ya pili ni kama soseji yenye mabonge. Ya nne ni laini kama nyoka. Sayansi ilipotaka kumwuliza mgonjwa jambo ambalo hana mizani ya kulipima, ilikimbilia kwenye “kama”. Na sisi huku karanga hatukuzihitaji, mbuzi tulikuwa naye siku zote.

Daktari alimlaza ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, akamweleza kila hatua kabla hajaifanya: sasa ninashika hapa, sasa ninaangalia tu, siingizi kitu. Akambonyeza tumbo pia, upande wa kushoto chini, pale kinyesi kilicholala siku nyingi huwa kinapapasika. Kisha akatoa hukumu. Mtoto hana bawasiri. Ana mpasuko.

Nilichoelewa siku ile, na nilichoendelea kukisoma baadaye, ni hiki. Bawasiri ni vimto vya mishipa ya damu vilivyoko ndani ya njia ya haja kubwa. Kila binadamu anavyo, vinasaidia kuziba. Vinapovimba kwa sababu ya kujikamua, ujauzito au miaka ya choo kigumu, ndipo tunaviita ugonjwa, ambao wazee wengine wanauita mgoro au kikundu. Kwa mtu mzima ni jambo la kawaida sana. Kwa mtoto ni nadra. Mtoto anapotoa damu kidogo nyekundu juu ya choo kigumu na kulia kwa maumivu, mara nyingi sana ni ngozi ya ukingoni iliyopasuka. Mpasuko ukikaa, ngozi ya pembeni yake huvimba na kuota kinyama kidogo, na kinyama hicho ndicho watu wengi wanachokiona na kusema: bawasiri hiyo!

Vipo vingine vinavyobambikwa jina hilohilo. Kuna mtoto mdogo, wa miaka miwili mitatu, ambaye akijikamua hutokwa na duara jekundu la nyama linalorudi lenyewe akisimama. Huyo utumbo wake wa mwisho unateleza kutoka nje. Husababishwa na kukosa choo, kuharisha kwa muda mrefu, utapiamlo, au wingi wa minyoo ya mjeledi. Kuna mtoto anayewashwa usiku akajikuna mpaka akachubuka, na kumbe ni minyoo midogo myeupe inayotoka kutaga mayai ukingoni. Kuna anayetoa damu bila maumivu yoyote, naye huenda ana kiota ndani ya utumbo kinachohitaji kuondolewa. Na mara chache kabisa kuna mtoto ambaye mishipa yake imevimba kweli, kwa sababu ini lake lina matatizo na damu imekosa njia. Kichocho cha matumbo, kinachowaandama watu wa kando ya Ziwa Victoria, kinaweza kufika huko kikiachwa miaka mingi. Ndiyo maana daktari aliyefundishwa vizuri hatazami huko nyuma tu. Anapapasa tumbo, bandama na ini.

Magonjwa matano, jina moja, na kila moja lina tiba yake. Sasa mrudie yule mwenye kibati. Anatibu “bawasiri”. Ya nani? Ipi? Dawa ya kuunguza inayopakwa kwenye nyama ya mtu mzima, ikipakwa kwenye mpasuko wa mtoto wa miaka 7, itafanya nini? Na ikipakwa kwenye utumbo uliotoka nje? Ukosefu wa maneno huwa tunauona ni suala la adabu tu. Pale kwenye kitanda cha kituo cha afya niliuona kuwa suala la ngozi na damu.

*

“Kwa nini anabana?” daktari akaniuliza, kisha kabla sijajibu akajirekebisha na kumgeukia mtoto. “Kwa nini unabana?”

Kubana. Neno zuri, fupi, na kila mtoto analijua. Choo kikija, mtoto anasimama kwa ncha za vidole, anakaza makalio, anajificha nyuma ya kochi. Sisi wazazi tukimwona amekunja uso tunadhani anajikamua. Kumbe anazuia. Choo kinaporudishwa juu hakikai vilevile. Kazi ya utumbo mkubwa ni kufyonza maji, nao hauchagui siku. Kesho kile kilichokuwa laini ni kigumu, keshokutwa ni jiwe. Jiwe likitoka linachana. Aliyechanika jana leo hatataka tena, anabana zaidi. Mduara huo unaweza kuzunguka miezi. Mwishowe wengine hufikia hali ya kuchafua chupi bila kujijua, choo cha majimaji kinapopenya pembeni ya lile bonge, na mtoto anachapwa kwa uvivu au anapewa dawa ya kuharisha wakati tatizo lake ni kinyume chake.

Mwanangu alijibu akiangalia viatu. Choo cha shule hakina mlango unaofunga. Ukienda haja kubwa wakubwa wanachungulia, halafu wanakuimba jina mpaka mwisho wa siku. Maji unabeba mwenyewe kwenye kidumu, kwa hiyo kila mtu anakuona ukienda na kidumu anajua unakwenda kufanya nini. Basi yeye alitafuta njia yake: haendi. Na ili asihisi kwenda, hanywi maji. Chupa aliyotoka nayo asubuhi ilirudi imejaa, katika joto hili la Dar, kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri.

Shule siitaji, kwa kuwa ni shule nyingi. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango, na Januari 2016 watoto wakamiminika madarasani. Jambo jema kabisa, nani asiyelitaka? Lakini matundu hayakuzaana kwa kasi ya madawati. Na hesabu ya matundu yenyewe haijui komeo wala kejeli. Tundu lisilo na mlango linahesabiwa tundu. Kwa mtoto anayeona haya, ni sifuri.

Nchi hii, kwa kweli, imewahi kusema juu ya choo kwa sauti kubwa, zaidi ya mara moja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na watu wakatoka hapo na majembe kwenda kuchimba vyoo. Mwishoni mwa 2017 ikaja Nyumba ni Choo, na mghani Mrisho Mpoto akawa balozi wake. Ninaziheshimu zote mbili. Lakini ukizisikiliza, mada yake ni jengo: chimba, ezeka, weka mlango, weka maji. Aliyemo ndani ya jengo, anachohisi, anachokiogopa, kile kinachouma, hicho kimebaki kwa mwenye kibati.

*

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Hebu yahesabu: kwenda haja, haja kubwa, kujisaidia, kwenda msalani, kwenda maliwatoni, kwenda uani, kutoka nje. Ni tafsida nzuri, nyingine zina ladha ya pwani hasa. Lakini tazama, karibu zote ni maneno ya safari. Yanamfikisha mtu mlangoni na kumwacha pale. Kinachotokea ndani hakina jina la adabu. Na upande wa pili wa mlango kuna maneno mengine, mafupi, ya kweli, ya Kibantu halisi, ambayo mtoto akiyatamka anapigwa kofi la mdomo. Kati ya msalani na tusi hakuna kitu. Mtoto anayeumwa hapo katikati anasema “huku chini” au “kule nyuma”, na mtu mzima mwenye haraka anasikia tumbo, mgongo au mguu.

Vitabu navyo vimeshika adabu hiyohiyo. Kwenye ngano alizotuhadithia mama, Fisi alijiharishia kwa woga na sisi watoto tukaanguka kwa kicheko. Ilipokuja kalamu, Fisi akaogeshwa. Kwenye rafu ya mwanangu wanyama wanakula kila ukurasa, wanashiba, wanalala, na hakuna hata mmoja anayeinuka kwenda uani. Wajapani wana kitabu cha picha cha Taro Gomi, cha mwaka 1977, ambacho ujumbe wake ni kwamba kila kiumbe anakunya, basi. Wajerumani wana cha Werner Holzwarth na Wolf Erlbruch, cha 1989, kuhusu fuko aliyeangushiwa mzigo kichwani akatoka kumtafuta mwenye nao, mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mnyama anamwonyesha cha kwake kilivyo. Vimetafsiriwa kwa lugha nyingi na watoto wanavipenda. Waandishi wetu wa vitabu vya watoto wana nafasi ya wazi hapa, na mbuzi wako tayari.

Hata neno bawasiri lenyewe lina heshima kuliko tunavyolitumia. Ni la Kiarabu, wingi wa *basur*, na limetembea kwenye vitabu vya tiba karne nyingi. Ibn Sina analo katika Kanuni yake. Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika risala nzima juu ya bawasiri kwa ajili ya mtu wa ukoo wenye cheo. Inanivutia kwamba tabibu yule hakuanza na kisu. Alianza na chakula: nini kinafanya choo kiwe kigumu, nini kinakilainisha. Kisu alikiweka mwisho kabisa, kwa tahadhari. Miaka 800 baadaye daktari wangu wa kituo cha afya aliandika karibu ushauri uleule. Hakuna aliyeona haya, si Musa bin Maimun, si mgonjwa wake mwenye cheo. Haya tumeiongeza sisi njiani.

Tuna methali, na kila mtu aliyesikia habari hii alinitajia: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini methali hii inamtazama mficha tu. Haiulizi nani alimfundisha kuficha. Mwanangu hakuficha kwa ukaidi. Alifundishwa, kwa kicheko cha abiria, kwa nyimbo za wakubwa chooni, kwa ukimya wa vitabu, kwamba sehemu ile ya mwili haisemwi. Alikuwa mwanafunzi mzuri, somo lilimwingia.

Na kuna linaloogopesha zaidi, ambalo daktari alilisema taratibu baada ya mtoto kutoka kwenda kupewa namba ya dawa. Katika kazi yake, mtoto mwenye maumivu au majeraha sehemu hiyo huulizwa pia kama kuna mtu aliyemgusa. Si kwamba anamshuku kila baba. Mipasuko mingi ni choo kigumu tu, hakuna zaidi. Lakini lazima aulize, na mtoto asiye na neno hawezi kujibu. Ule ulimi unaoshindwa kusema “panauma nikienda chooni” ndio huohuo utakaoshindwa kusema “fulani amenishika.” Kuna namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania. Lakini namba haina faida kwa mtoto ambaye akiulizwa wapi, hana pa kuanzia.

*

Tiba ilikuwa ya kawaida mpaka inachosha kuisimulia, nami nitaisimulia kwa kuwa ndiyo iliyomponya.

Dawa ya kwanza ilikuwa laktulosi, maji mazito matamu yanayovuta maji kwenye utumbo na kulainisha choo. Daktari alisisitiza muda: wiki nyingi, pengine miezi, hata baada ya mtoto kuonekana amepona. Utumbo uliotanuka kwa kubana unachukua muda kurudi, na watoto wengi wanarudia hali yao kwa sababu dawa iliachwa wiki ya pili choo kilipolainika. Mafuta ya mgando kidogo ukingoni. Beseni la maji ya uvuguvugu, akae dakika 10 au 15 baada ya choo, bila dettol, bila chumvi, bila majani. Vidonge vya kuingiza vya watu wazima asitumie bila daktari kusema. Na bomba la dawa za asili, alilolitaja jirani kwa nia njema kabisa, hapana.

Chakula tulikuwa nacho mlangoni. Papai, chungwa analila na nyama zake badala ya kulikamua, parachichi, maharage, mchicha na matembele, ugali wa dona badala ya sembe, juisi ya ukwaju. Maziwa tukayapunguza, maana alikuwa anayanywa kama maji na yanamshibisha kabla ya chakula. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa kazi. Kisima chetu, kama vingi vya huku, kina chumvi kidogo, na mtoto hakuyapenda. Sasa tunanunua ya kunywa pembeni, na kabla ya kwenda shule anakunywa kikombe mbele ya macho yetu.

Halafu saa. Tumbo huamka baada ya mlo, huo ni mpango wake wa asili, kwa hiyo kila baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni anakaa chooni dakika 5 hadi 10, hata kama hasikii kitu. Asubuhi tumeamka mapema zaidi kwa ajili hiyo tu. Choo chetu ni cha kukaa, na miguu yake ilikuwa inaning’inia, basi tukaweka kigoda chini ili magoti yapande juu, awe kama aliyechuchumaa. Mama yangu alipokiona kigoda alicheka sana. “Mmenunua choo cha kizungu, mkaweka kigoda kiwe choo cha shimo.”

Shuleni mke wangu alikwenda kuzungumza na mwalimu wa darasa, akaomba mtoto aruhusiwe kwenda wakati wenzake wako darasani. Mwalimu alikubali palepale, akamwambia wapo wengine wanne ambao wazazi wao wamewahi kuja na ombi kama hilo, kila mmoja kwa kunong’ona. Wazazi wa mtaa wetu sasa wamechanga kununua makomeo na milango miwili. Milango miwili si mapinduzi. Kwa mwanangu ni tofauti ya kubana na kutobana.

Kwa mzazi anayesoma hapa na mtoto wake ana hali inayofanana na hii, yapo ambayo hayangoji papai wala kigoda. Damu nyingi au mabonge ya damu, homa, tumbo kuvimba, kutapika, kupungua uzito, kitu kilichotoka nje kisirudi, au mtoto ambaye hakupata choo vizuri tangu siku zake mbili za kwanza duniani. Huyo apelekwe haraka. Kuna ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa kama Mwananyamala, mpaka Muhimbili wanakopasua watoto wenye matatizo ya utumbo ya kuzaliwa. Kwa wengine, wengi zaidi, dawa kubwa ni kumwuliza mtoto swali lenye mbuzi ndani yake na kusubiri jibu bila kukunja uso.

Mpasuko ulifunga baada ya wiki chache. Kinyama bado kipo, kidogo, daktari alisema hakina madhara. Dawa aliinywa miezi minne. Mama amesharudi Pangani. Hupiga simu jioni, na akishamaliza kunisalimia mimi na mkamwana wake husema, nipeni mume wangu. Mtoto anachukua simu anakwenda nayo kwenye ngazi ya nje. Sauti ya spika ni kubwa, tunasikia kila kitu.

“Mume wangu, leo mbuzi au nyoka?”

“Nyoka, bibi.”

“Mrefu?”

“Mrefu.”

“Haya. Sasa niambie na mahari yangu.”